Wayahudi wa Mbale na Mkanda Tuliofunga Ukonga

Jumatano, tarehe 11 Aprili 1979, ilikuwa siku ya redio. Kampala ilikuwa imeingia mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa bega kwa bega nalo, na Luteni Kanali David Oyite-Ojok akatangaza kupitia Redio Uganda kwamba utawala wa Idi Amin umekwisha. Nchi nzima ilikuwa ikiisubiri habari hiyo, lakini kuna vitongoji vilivyoisubiri kwa namna yake, na Ukonga ni kimojawapo. Huku ndiko iliko kambi ya Air Wing. Huku ndiko liliko gereza pamoja na nyumba za askari wake. Ukipanda kidogo kuelekea Pugu unazikuta kambi za Gongo la Mboto. Katika vita vile jeshi liliongezwa upesi kwa kuwaingiza polisi, askari magereza, vijana wa JKT na mgambo, hadi wapiganaji wakapita laki moja. Mitaa ya watu wa kazi hizo ilikuwa na watu wake mbele, na habari ya Kampala ilikuwa habari ya nyumbani.

Jua la siku ile ile lilipozama, katika kalenda ya Kiyahudi iliingia tarehe 15 ya mwezi wa Nisani, usiku wa kwanza wa Pasaka yao, ambayo daima huangukia mwezi unapokuwa mpevu. Ni usiku ambao baba huwasimulia watoto jinsi wazee wao walivyotoka utumwani Misri. Zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Ukonga, katika vijiji vya kandokando ya Mbale, chini ya Mlima Elgon, palikuwa na familia chache za Waafrika walioihesabu siku hiyo. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakiishi na kusali kwa kujificha. Firauni wao aliangushwa siku ya kuamkia sikukuu yenyewe, na walioongoza kumwangusha walikuwa vijana wa Kitanzania ambao, kwa walio wengi, hawakuwahi kusikia kwamba Uganda ina Wayahudi.

Watu hao wanaitwa Abayudaya. Historia yao inatuhusu kuliko tunavyodhani, na kwa maoni yangu haijasimuliwa vya kutosha upande wetu wa mpaka. Nitaianza mbali kidogo, maana bila mwanzo wake mwisho hauna maana.

Semei Kakungulu alizaliwa Kooki, kusini magharibi mwa Uganda ya leo, yapata mwaka 1869. Akiwa kijana alihamia Buganda, akajipatia jina kwa kuwinda tembo, kisha kwa kupigana. Buganda ya wakati huo ilikuwa imepasuka: Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakigombea nani awe karibu na kiti cha Kabaka, na ugomvi huo ulimwaga damu nyingi. Kakungulu akasimama upande wa Waprotestanti. Alibatizwa, akajifunza kusoma, na kusoma huko ndiko kulikokuja kumbadilisha baadaye kuliko bunduki zote alizobeba.

Mwaka 1899 alikuwa kiongozi wa kikosi kilichowakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, wafalme wawili waliokataa kuinama mbele ya Waingereza. Wote wawili walipelekwa uhamishoni Shelisheli. Mtu aliyewatendea Waingereza wema wa namna hiyo alitarajia malipo makubwa. Akaenda mashariki na watu wake, akajenga ngome, akachonga barabara, akapanda miti na migomba, akaeneza utawala wa Kiganda juu ya jamii ambazo hazikuuomba. Hapa tuseme ukweli wote. Kwa Wagisu, Wateso na majirani zao, Kakungulu alifika akiwa mvamizi, na kumbukumbu hiyo bado ipo katika nchi ile. Yeye mwenyewe aliamini kwamba atatambuliwa kuwa mfalme wa mashariki.

Waingereza hawakumpa ufalme. Mwaka 1902 walimwondoa Budaka, makao aliyoyajenga, wakampa eneo la Mbale. Mbale ilipochangamka na kuwa mji wa biashara, nayo wakaichukua. Mwaka 1906 wakampeleka Busoga kusimamia machifu wa huko, na mwaka 1913 akarudi Mbale akiwa na cheo kidogo kuliko alichokuwa nacho miaka kumi kabla. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na kila alichokijenga kilikuwa kimekwisha kuandikwa jina la mtu mwingine.

Wengi wangeishia kwenye pombe au kwenye fitina za baraza. Kakungulu alirudi kwenye kitabu. Biblia nzima ilikuwa imechapwa kwa Kiganda tangu mwaka 1896, na yeye alikuwa msomaji asiyeruka ukurasa. Kwanza alijiunga na Bamalaki, dhehebu la Waganda waliojitenga na kanisa la wamisionari na kukataa dawa za hospitali kwa hoja kwamba uponyaji ni wa Mungu peke yake. Waingereza waliwachukia Bamalaki kwa sababu ya chanjo, na nadhani kuchukiwa huko kulimvutia mtu aliyekuwa tayari amekosana nao. Lakini kadiri alivyosoma vitabu vitano vya Musa, ndivyo alivyoona mambo ambayo hata Bamalaki hawakuyashika. Mojawapo ni tohara.

Mwaka 1919 alitahiriwa, na wanawe wakatahiriwa pamoja naye. Kati ya Wagisu, ambao vijana wao wote hupita imbalu, tohara yao ya jadi, jambo hilo halikuwa la ajabu. Kati ya Waganda lilikuwa la kushtua. Inasimuliwa kwamba Bamalaki walimwambia kitendo hicho ni cha Wayahudi, na yeye akajibu kwamba kama ni hivyo, basi tangu siku ile yeye na wafuasi wake ni Wayahudi. Akahamia Gangama, kilima kilichoko nje kidogo ya Mbale, pamoja na wafuasi wake.

Hapa niweke kando jambo moja ambalo kila nikilitafakari hunishangaza. Mwaka 1903, baada ya mauaji ya Wayahudi katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya Urusi, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alijitolea kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi katika Afrika Mashariki. Historia inauita mpango huo wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, karibu na Eldoret ya leo nchini Kenya. Theodor Herzl aliufikisha mbele ya mkutano wa Wazayoni mjini Basel mwaka huo huo, ukawagawa wajumbe hadi wengine wakatoka nje wakilia. Wachunguzi walitumwa kuitazama nchi, na mwaka 1905 mkutano uliofuata ukaukataa. Wayahudi waliotarajiwa hawakuja. Kumbe upande wa pili wa Mlima Elgon, miaka kumi na minne baada ya kukataliwa huko, Waafrika walioisoma Torati kwa Kiganda waliamua wenyewe kuwa Wayahudi, bila kualikwa na mtu na bila kuahidiwa shamba.

Mwanzoni walijua kidogo sana. Walichokijua ni kile kilichoandikwa, na kwenye sala zao bado palikuwa na mabaki ya Ukristo, ukiwemo ubatizo. Mwaka 1920 akapita Myahudi mmoja anayekumbukwa kwa jina la Yosef, akakaa nao kwa miezi kadhaa. Aliwafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja, akawaonyesha yaliyo ya Kiyahudi na yasiyo ya Kiyahudi. Akaondoka, na hapo walimu wa kutoka nje karibu wakakoma kwa muda mrefu. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha kanuni na sala kwa Kiganda, chenye kurasa 90 hivi. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa Gangama.

Jamii iliyobaki haikuwa na fedha, haikuwa na rabi, haikuwa na ndugu ng'ambo wanaojua kwamba ipo. Shule zilikuwa za misheni, na mtoto aliyetaka kusoma mara nyingi alitakiwa kubatizwa kwanza. Wengine wakarudi Ukristo, wengine wakaingia Uislamu. Waliobaki waliongozwa na wazee kama Samson Mugombe, ambaye mwaka 1962 alitembelewa na Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa akisoma Makerere. Oded aliandika habari zao, barua chache zikaanza kwenda na kuja, na kwa mara ya kwanza Abayudaya wakahisi kwamba kuna mtu duniani anayewafahamu.

Inafaa tuyatazame mawazo ambayo watu hawa walikuwa wameyarithi kupitia vitabu, maana ndiyo yaliyowavusha katika yaliyofuata.

Mwaka 70 wa zama zetu jeshi la Warumi liliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Kwa dini ambayo ibada yake kuu ilikuwa kutoa sadaka katika nyumba ile moja tu, huo ulipaswa kuwa mwisho. Mwalimu mmoja, Yohanan ben Zakkai, alipata ruhusa ya kukusanya wanafunzi katika mji mdogo wa Yavne, na huko yeye na wenzake wakaujenga upya Uyahudi juu ya mambo matatu ambayo hakuna jeshi linaloweza kuyachoma: masomo, sala na matendo mema. Tangu wakati huo, ibada ya pamoja haikuhitaji jengo. Ilihitaji wanaume wazima kumi.

Katika fikra hiyo, maendeleo ya binadamu hayapandi moja kwa moja kutoka chini kwenda juu. Yanaanguka na kuinuliwa, na anayeyainua mara nyingi hayaoni yakikamilika. Walimu wao wa kale walifundisha kwamba mtu hakupewa jukumu la kuimaliza kazi, lakini pia hakupewa ruhusa ya kuiacha. Na kuhusu simulizi ya Pasaka waliweka utaratibu ninaoupenda sana: msimulizi aanzie kwenye aibu, yaani utumwa, ndipo aishie kwenye sifa. Asiuruke mwanzo mbaya. Kila kizazi kijione kana kwamba chenyewe ndicho kilichotoka Misri.

Idi Amin alichukua madaraka tarehe 25 Januari 1971. Mwanzoni alikuwa rafiki wa Israel, nchi iliyowahi kutoa mafunzo kwa jeshi la Uganda. Machi 1972 akageuka, akawafukuza Waisraeli, na Agosti mwaka huo akatangaza kuwafukuza Waasia. Uyahudi ukapigwa marufuku. Sinagogi zikafungwa. Ikumbukwe kwamba mkono wake haukuwaangukia Wayahudi peke yao. Mwaka 1977 alipiga marufuku vikundi vingi vya Kikristo, na Februari ya mwaka huo Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana akauawa. Lakini kanisa lina mamilioni ya waumini na lina sauti nje ya nchi. Abayudaya hawakuwa na mtu wa kuwapigia kelele.

Waliabudu ndani ya nyumba, milango ikiwa imefungwa, kwa sauti za chini. Gershom Sizomu, ambaye baadaye alikuja kuwa rabi wa kwanza aliyezaliwa katika jamii hiyo, amesimulia kwamba baba yake alikamatwa kwa kujenga kibanda cha sikukuu ya Sukkot, kile kibanda cha matawi kinachokumbusha maisha ya jangwani. Kiliwagharimu mbuzi watano kumtoa mikononi mwa waliomkamata. Mbuzi watano ni mali kubwa kwa mkulima wa Bugisu. Fikiria mtu anayejua hatari hiyo na bado anakata matawi, anayasimamisha nyuma ya nyumba, ili watoto wake wajue sikukuu imefika.

Kisha likaja tukio la Entebbe. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv ilitekwa nyara, ikaishia Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israel wakaja kuwakomboa mateka. Dora Bloch, mateka wa miaka zaidi ya 70 aliyekuwa amelazwa hospitali mjini Kampala, hakuwepo uwanjani usiku ule, akauawa na watu wa Amin. Kujulikana kuwa wewe ni Myahudi ndani ya Uganda, baada ya fedheha ile iliyompata Amin, lilikuwa jambo la kuombea lisitokee.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Abayudaya waliwahi kufika 3,000 hivi, na kwamba utawala wa Amin ulipoisha walikuwa wamebaki 300 hivi. Siwalaumu walioondoka. Mzazi anayebadilisha jina la mwanawe ili asiuawe anatimiza wajibu wake wa kwanza. Ila wale mia tatu waliendelea kuhesabu siku. Kila Ijumaa jioni walijua Sabato imeingia, na kila mwaka walijua Nisani imefika. Uvumilivu wao ulikaa katika mambo madogo hivyo: kalenda, chakula kilichopikwa kabla ya jua kuzama, wimbo ulioimbwa kwa kunong'ona. Hayaonekani kuwa ushujaa, na ndiyo maana askari wa Amin hawakujua wayatafute wapi.

Sasa turudi kwetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaingia Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe na kulibomoa daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa shule pale Pugu, juu tu ya Ukonga, alitangaza vita mwanzoni mwa Novemba. Vijana walipanda magari na treni. Miezi mitano baadaye walikuwa Kampala. Jinja ikachukuliwa tarehe 22 Aprili, na majeshi yakasonga mashariki na kaskazini hadi Juni mwanzoni yalipofika mipakani na vita vikaisha. Njia ya mashariki ndiyo njia ya Mbale.

Serikali mpya ikarudisha uhuru wa kuabudu. Abayudaya wakafungua milango, na tangu hapo kisa cha Amin kimekuwa sehemu ya masimulizi yao ya Pasaka. Wana Misri mbili za kuwasimulia watoto.

Upande wetu gharama ilikuwa kubwa. Inakadiriwa kwamba vita vile viliigharimu Tanzania dola za Marekani milioni 500, fedha ambayo nchi haikuwa nayo. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Waliokuwa Ukonga wakati huo wanajua kwamba miezi hiyo haikuisha. Ilifuatwa na miaka ya foleni za duka la ushirika, unga wa njano ulioitwa wa yanga, sukari ya kugawiwa kwa robo, na nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuwepo. Mama aliyesimama foleni tangu alfajiri, halafu akaambiwa bidhaa zimekwisha, alikuwa analipia uhuru wa watu asiowajua. Wengine walilipa zaidi. Makaburi yao yako Kaboya, Muleba, mkoani Kagera.

Huwa tunaambiwa kwamba mwaka 1979 ulituletea umaskini. Ni kweli, lakini ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili iko ng'ambo ya mpaka, na sehemu yake moja ndogo iko juu ya kilima cha Nabugoye, nje ya Mbale. Kwa hiyo tutazame kilichoota pale.

Katika miaka ya themanini, vijana wa Kiyahudi waliokulia mafichoni waliamua kuirudisha Nabugoye, kilima cha sinagogi yao. Waliishi pamoja, wakalima pamoja, wakajifundisha Kiebrania kwa vitabu vilivyosalia. Miongoni mwao alikuwa Joab Jonadab Keki, anayejulikana zaidi kama JJ Keki, na mdogo wake Gershom Sizomu. Hawakuwa na gitaa la maana wala kinanda, lakini walikuwa na zaburi za Kiganda, na wakazitungia tuni zenye mwendo wa Kiafrika. Katika miaka ya tisini wageni wa kwanza kutoka Marekani walifika, wakarudi kwao na kanda za nyimbo hizo, na Kulanu, shirika la huko linalozisaidia jamii za Kiyahudi zilizotengwa, likaanza kuwatembelea. Mwaka 2002 marabi kutoka nje waliendesha taratibu za kuwaingiza rasmi katika Uyahudi watu wapatao 400. Baadhi ya wazee waliumia kuambiwa kwamba miaka themanini yao ilihitaji muhuri wa mtu mwingine. Wengi walikubali, ili mlango wa ndugu zao duniani ufunguke. Mwaka 2003 nyimbo zao zilitolewa katika albamu na Smithsonian Folkways, na albamu hiyo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Sizomu alikwenda kusoma Los Angeles, akapewa urabi mwaka 2008, akarudi kijijini. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini wakampeleka bungeni, akiwa Myahudi wa kwanza wa jamii yake kufika huko. Kabla yake, mwaka 2002, Keki alikuwa amechaguliwa kuongoza tarafa ya Namanyonyi. Wapiga kura wa maeneo hayo ni Waislamu na Wakristo kwa wingi wao. Kura za Wayahudi peke yake zisingemfikisha mtu hata mlangoni.

Nataka nikae kidogo kwenye kahawa ya Keki, maana ndipo ninapoiona hekima yao kwa karibu.

Tarehe 11 Septemba 2001 Keki alikuwa New York, akiwa njiani kwenda kutazama yale majengo mawili marefu, yalipopigwa. Aliona kwa macho yake chuki iliyovaa vazi la dini inafanya nini. Alirudi Mbale wakati bei ya kahawa duniani imeanguka vibaya, na wakulima wa Bugisu, ambao mibuni yao hukua kwenye miteremko ya Elgon chini ya kivuli cha migomba, walikuwa wakiuza buni kwa bei isiyolipa hata kibarua. Keki akaenda nyumba kwa nyumba kwa miguu. Akawaambia jirani Mwislamu na jirani Mkristo: tuuze pamoja. Mwaka 2004 ukazaliwa ushirika wa Mirembe Kawomera, na wanachama wakahakikisha kwamba uongozi wake unachanganya dini zote tatu.

Kazi yenyewe ni ngumu. Mbuni hauivi kwa siku moja. Mvunaji anarudi kwenye mti ule ule tena na tena, akichuma tunda jekundu na kuliacha la kijani. Tunda linamenywa siku hiyo hiyo, buni inalowekwa usiku ili ule utelezi utoke, inaoshwa, inaanikwa juani na kugeuzwa kwa mkono. Mtu mmoja akichanganya mbichi na mbivu, au akianika juu ya udongo, kahawa ya kijiji kizima inashuka daraja. Kwa hiyo Mwislamu anaitegemea mikono ya Myahudi, Myahudi anautegemea uaminifu wa Mkristo, na hilo halihitaji hotuba. Walipata mnunuzi, kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California, iliyolipa bei ya biashara ya haki. Watoto wao wanasoma katika shule zile zile, ikiwemo sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, na kituo cha afya cha Tobin mjini Mbale, kilichoanzishwa kwa juhudi za Abayudaya, hakimuulizi mgonjwa anasali wapi.

Jamii iliyokaribia kufa kwa sababu ya dini ingeweza kabisa kujifungia. Ingeweza kujenga ukuta na kusema, sasa tuko peke yetu. Walichagua kuwafungulia majirani. Hilo ndilo ninaloliita maendeleo, na nathubutu kusema ni kubwa kuliko sinagogi mpya iliyofunguliwa Nabugoye mwaka 2016, ingawa nayo ni nzuri.

Yapo yasiyokwisha. Baadhi yao, hasa wa kijiji cha Putti, wanafuata njia ya Kiorthodoksi na hawaafikiani na Sizomu katika mengi. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la mmoja wa Abayudaya aliyetaka kuhamia huko kwa sheria inayowaruhusu Wayahudi wote. Iliwauma. Wengi wao, hata hivyo, hawana mpango wa kuhama. Makaburi yao yako Gangama, mibuni yao iko Elgon.

Ombi langu ni kwa watu wa Ukonga, Gongo la Mboto, Kipunguni, Mazizini na Pugu. Kijana aliyepanda lori la jeshi mwaka 1978 akiwa na miaka ishirini, leo amevuka sitini na tano. Wengi wameshatangulia, na kila mwaka Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, safu yao inakuwa fupi zaidi. Kama nyumbani kwako, au nyumba ya pili, yupo mzee aliyekwenda Uganda, kaa naye jioni moja na simu ya kurekodi. Usimuulize mizinga tu. Muulize kama alipita Mbale, alilala wapi, alipewa chakula na nani, watu walimwambia nini walipomwona. Muulize pia mama aliyebaki nyuma alikula nini miaka ile. Andika tarehe, andika majina ya vijiji, tunza nakala mbili. Mbale wanayo nusu yao ya historia hii na wanawasimulia watoto wao kila Pasaka. Nusu yetu ni wajibu wetu kuiandika, na wenye kuijua bado wako hai kwa muda mfupi tu.